Maji Yaingiayo Nyumbani, na Gharama ya Kuyazuia

Mvua za masika zianzapo mwezi wa Machi, ndipo mwenye nyumba ajuapo ni nyumba ya namna gani aliyoijenga. Wakati wa kiangazi nyumba zote ni nzuri: kuta zimenyooka, rangi yang'aa, na sakafu ni kavu. Lakini mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, alama za kahawia huonekana darini, lipu huvimba karibu na sakafu, na nguo zilizomo sandukuni hunuka ukungu. Hapo mwenye nyumba humwita fundi, naye fundi humtajia bei, na mara nyingi bei hiyo humshangaza. Huuliza kwa nini nyumba ya jirani, yenye ukubwa ule ule, ilitengenezwa kwa nusu ya fedha hizo. Swali hilo ni la haki, lakini lingefaa zaidi kuulizwa kabla ya kujenga. Sehemu kubwa ya gharama ya kuzuia maji haiamuliwi dukani penye makopo ya dawa. Huamuliwa siku ile msingi unapochimbwa na paa linapopimwa.

Yafaa kwanza kujua ni maji kiasi gani yanayosemwa hapa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 huleta lita 1 ya maji. Basi nyumba yenye paa la urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 hupokea lita 60 kwa kila milimita ya mvua. Mvua kubwa ya alasiri moja, yenye milimita 50, humwaga juu ya paa hilo lita 3,000, yaani madebe 150 ya lita 20. Kama hakuna mifereji ya kuyapokea, maji hayo yote huanguka mstari mmoja chini ya ukuta, huchimba handaki, hurusha matope ukutani, na hulowesha msingi. Mtu akiambiwa amwage madebe 150 ya maji kando ya ukuta wake kila alasiri atakataa kwa hasira. Lakini nyumba nyingi zisizo na mifereji hutendewa hivyo na wenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Wala hasara yake si rangi iliyoharibika tu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu, na 125 kati yao walikufa. Wachunguzi walipofuatilia jambo hilo, waliona kwamba mahindi yaliyowekwa ndani ya nyumba za kulala, yakiwa bado na unyevu, yalihusika sana. Mahindi ya kuwekwa akiba yapasa yawe na unyevu usiozidi sehemu 13 na nusu katika 100. Mkulima aweza kuyakausha vizuri juani, kisha akayaweka magunia juu ya sakafu inayovuta maji kutoka ardhini, na kazi yake yote ya juani ikapotea. Kwa hiyo mambo ya unyevu wa nyumba si ya wenye majumba ya mjini peke yao. Shirika la Afya Duniani nalo, katika maelezo liliyoyatoa mwaka 2009, lilionyesha kwamba watu wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na pumu na maradhi mengine ya kifua.

Maji huingia nyumbani kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka kando, na kutoka chini. Ya juu kila mtu huyaona. Ya kando huletwa na upepo unaoipiga mvua ukutani. Ya chini hayana kishindo, nayo ndiyo yasumbuayo kuliko yote.

Wazee waliojenga nyumba za udongo na nyasi hawakuwa na dawa ya kopo, lakini walikuwa na upenu mpana. Paa lilishuka mbele ya ukuta, hata mtu mrefu aliinama alipoingia, na maji yalianguka mbali. Ukuta wa udongo uliokandikwa na kupakwa samadi ya ng'ombe ulidumu miaka mingi kwa sababu haukupata kulowa. Mabati yalipokuja, watu wengi waliukata upenu ili wapunguze idadi ya mabati. Ukuta ni ule ule wa udongo, lakini sasa kofia yake imekuwa ndogo. Akiba ya mabati mawili matatu hulipwa baadaye kwa lipu ya saruji kuzunguka nyumba nzima, na hiyo lipu, ikiwa juu ya udongo, haishiki vema. Mwenye nyumba ya udongo au ya matofali mabichi akiwa na fedha kidogo tu za kuzuia maji, na azitumie kurefusha upenu na kufunga mifereji, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuhusu mabati yenyewe, maneno machache yatosha. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi la bati, si bondeni maji yapitapo, nao uwe na kishikizo cha mpira. Bati na bati yapandane kando kwa wimbi moja na nusu, na mwisho wa bati upandane na mwenzake kwa sentimita 15 au zaidi. Fundi asiyefanya hivyo huuza nyumba pamoja na uvujaji wake.

Sasa maji ya chini. Jiwe, tofali na saruji vina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Hupanda kiasi cha mita moja au karibu na hapo, yakichukua chumvi ya ardhini. Yanapofika juu hukauka, lakini chumvi hubaki, nayo huonekana kama unga mweupe na kuibandua lipu. Mtu apakaye rangi mpya juu ya unga huo hupoteza rangi.

Dawa ya jambo hili ni rahisi mno ikiwa yafanywa kwa wakati wake. Msingi ukiisha kupanda juu ya ardhi kwa sentimita 15 au zaidi, mwashi hutandaza juu yake utepe wa karatasi ya lami, wenye upana wa ukuta mzima, kisha huendelea kujenga. Utepe huo huukata utambi. Chini ya sakafu nako, baada ya mawe kushindiliwa na kufunikwa kwa vumbi la mawe ili pasiwe na ncha kali, hutandazwa karatasi ya plastiki nene, ile ambayo wenye maduka huiita ya geji 1000, unene wake ukiwa robo ya milimita. Vipande vyake vipandane vizuri, na kingo zake ziungane na utepe wa ukutani. Kisha zege la sakafu humwagwa juu. Vitu hivi viwili ni sehemu ndogo sana ya bei ya nyumba, na kuvitandaza ni kazi ya saa chache.

Mwenye nyumba akivisahau, au fundi akiviacha ili ajipatie faida, gharama ya baadaye ni ya namna nyingine kabisa. Ukuta hutobolewa mashimo mstari mzima, dawa huingizwa humo, lipu yote hadi kimo cha mita moja hubanduliwa na kupigwa upya, na watu wa nyumbani huhama vyumba wakati kazi ikiendelea. Sakafu nayo hubidi ivunjwe au ifunikwe upya. Kuna wengine ambao utepe wao u mahali pake, lakini wameuharibu wenyewe bila kujua, kwa kurundika udongo wa bustani ya maua nje ya ukuta mpaka ukapita kimo cha utepe. Maji hupita udongoni, hupanda juu ya utepe, na kuingia. Dawa ya kosa hilo ni jembe tu, wala haina bei.

Katika sehemu zenye udongo mweusi wa pamba, kama vile pande nyingi za Nairobi na uwanda wa Athi, kuna shida nyingine. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyowekwa juu yake hupasuka kuta. Ukuta uliopasuka haufai kupakwa dawa yoyote ya maji, kwa maana utapasuka tena masika yajayo. Udongo huo huchimbwa na kuondolewa mpaka ifikiwe ardhi ngumu. Ni kazi ya bei, nayo haina njia ya mkato.

Pwani, mambo hugeuka. Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua, kwa sababu chokaa hupumua. Mtu akiona ukuta wa namna hiyo una unyevu, naye akaupiga lipu ngumu ya saruji ili auzibe, ameufunga mlango wa kutokea na kuacha ule wa kuingilia. Saruji hupata nyufa nyembamba, maji hupenya humo na kutoka ardhini, hayatoki tena, na ncha za boriti zilizomo ukutani huanza kuoza. Wahifadhi wa nyumba za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wale wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000, husisitiza sana kwamba ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Chokaa chenyewe si ghali. Kilicho ghali ni muda. Hupakwa tabaka jembamba juu ya tabaka, na kila moja hungojwa. Fundi alipwaye kwa siku huwa na bei kubwa kuliko yule wa saruji, lakini ukuta hubaki. Na popote pwani, mchanga wa baharini usiooshwa usitumiwe kwa lipu, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu hewani hata pasipo mvua.

Nyumba iletayo maswali mengi leo ni ile yenye paa la zege tambarare. Karani au mwalimu aliyeweka akiba hujenga vyumba vya kupangisha, humwaga zege juu, na kuziacha nondo zikichomoza angani, kwa tumaini la kuongeza ghorofa siku moja. Siku hiyo hukawia. Wakati huo maji hutuama juu ya zege, hushuka kando ya zile nondo, na chuma huanza kushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma zege mpaka ipasuke, na ule ufa hukaribisha maji mengine. Mpangaji huona tone darini. Lakini mwenye nyumba yapasa aone kwamba nguvu ya jengo lake inaliwa.

Zege lenyewe, likichanganywa vizuri, hupitisha maji kidogo sana. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutosheka na lita 25 za maji, pamoja na yale yaliyomo katika mchanga wenye unyevu. Vibarua hupenda kuongeza ndoo nyingine ili mchanganyiko utiririke na kazi iwe nyepesi. Maji yale ya ziada hukauka baadaye na kuacha njia nyembamba zisizo na idadi. Kisha zege lililomwagwa yapasa lilowekwe maji kwa siku 7 zisizopungua ili lishikane, nalo mara nyingi huloweshwa siku mbili na kusahauliwa. Hakuna dawa ya dukani ishindayo ndoo iliyozuiwa na siku saba zilizotimizwa.

Baada ya hayo, njia zilizopo ni chache, ijapokuwa majina ya biashara ni mengi mno. Iko dawa ya unga au ya maji ichanganywayo katika zege au lipu lenyewe. Hiyo husaidia, lakini haizibi ufa. Iko saruji laini iliyochanganywa na maji ya mpira, ipakwayo kwa brashi mara mbili. Hiyo yafaa sana bafuni, katika matangi na barazani. Ziko rangi nene zikaukazo zikawa kama mpira. Zile za bei nafuu hazipendi maji yatuamayo, na jua kali la nchi hizi huzichosha, hivyo hupakwa tena baada ya muda. Zile za bei ya juu huvumilia zaidi. Mwisho iko karatasi ya lami yenye unene wa milimita 3 au 4, ifunguliwayo kutoka bunda lake na kuyeyushwa kwa moto wa gesi ili ishike zege. Lami si jambo jipya: zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, watu wa Mohenjo-daro, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, waliitumia kuzuia maji katika birika lao kubwa la kuogea.

Iko pia njia ambayo mafundi wa dawa hawaitaji, nayo ni kuezeka mabati juu ya zege. Mtu asiye na hakika ya kupandisha ghorofa hivi karibuni na aipigie hesabu njia hiyo kwanza. Mara nyingi huwa nafuu kuliko alivyodhani, na siku ya ujenzi mabati huondolewa na kutumika tena.

Na sasa lile swali la bei ya jirani. Watu hudhani gharama hufuata ukubwa wa paa, lakini pembe na kingo ndizo zilazo fedha. Chukua paa la mita 10 kwa mita 10. Eneo lake ni mita mraba 100. Karatasi ya lami hupandishwa ukingoni kiasi cha sentimita 30, na ukingo una mita 40 kuzunguka. Basi huongezeka mita mraba 12. Chukua sasa paa la mita 5 kwa mita 5, lenye mita mraba 25 na ukingo wa mita 20. Hapa huongezeka mita mraba 6, karibu robo ya paa zima. Bunda la karatasi lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 nalo halifuniki mita mraba 10, kwa sababu kila upande hupandana na mwenzake kwa sentimita 10. Hubaki kama mita mraba 9 tu. Anayenunua mabunda kwa kugawanya eneo kwa kumi atarudi dukani kabla ya kazi kwisha. Kila bomba lipenyalo paa, kila mguu wa tangi, na kila nondo iliyochomoza hutaka kuzungushiwa kwa mkono, na hapo ndipo saa za fundi zinapokwenda. Paa dogo lenye mabomba sita laweza kuzidi bei ya paa kubwa lililo tupu, kwa kila mita.

Jambo la pili ni hali ya zege. Kama paa limemwagwa bila mteremko, maji yatatuama juu ya dawa yoyote. Mteremko ufaao ni wa sentimita 1 kwa kila sentimita 80, yaani paa la mita 8 lishuke sentimita 10 kuelekea bomba la kutolea maji. Kuutengeneza mteremko huo baadaye kwa saruji huongeza fedha, na huongeza uzito ambao jengo halikupimiwa. Ukiwekwa tangu mwanzo, wakati zege linamwagwa, hauna bei yoyote ila uzi na macho ya fundi. Vilevile dawa iliyozeeka iliyobanduka haipakwi juu yake nyingine, bali hukwanguliwa yote, na kukwangua huko kwaweza kuchukua siku nyingi kuliko kupaka.

Kisha kuna mambo yasiyo mkononi mwa fundi. Lami hutokana na petroli, na dawa nyingi hutoka ng'ambo, basi bei yake hupanda mafuta yapandapo na shilingi ishukapo. Mzigo wa kwenda Lodwar una nauli ambayo ule wa Thika hauna. Ghorofa ya tatu hutaka majukwaa na kamba. Na mwenye nyumba amwitaye fundi mwezi wa Aprili, wakati kila mtu anamwita, asitarajie bei ya Februari, wala asitarajie dawa ishike juu ya zege lililolowa.

Bei mbili zilizotofautiana kwa nusu mara nyingi si bei za kazi moja. Mmoja amehesabu kufagia na kupaka mara moja. Mwingine amehesabu kukwangua, kuziba nyufa, kutengeneza mteremko, kupaka dawa ya kwanza ya kushikiza, kisha matabaka mawili, na jaribio. Kwa hiyo fundi na aandike kila kazi katika mstari wake, pamoja na unene wa dawa na idadi ya matabaka, ndipo karatasi mbili zilinganishwe. Dhamana nayo isomwe vizuri: ziko zinazolipia kopo la dawa tu, wala hazilipii vibarua wa kuipaka upya.

Jaribio lenyewe halihitaji chombo. Bomba la kutolea maji huzibwa, paa hujazwa maji ya kina cha sentimita chache, kwa kadiri ambayo jengo laweza kuyabeba, na huachwa siku moja au mbili huku dari ya chini ikitazamwa. Alama huwekwa ukingoni ili kiasi cha maji kijulikane. Malipo ya mwisho yakingojea jaribio hilo, fundi huwa mwangalifu tangu asubuhi ya kwanza.

Kazi ikiisha, paa hupandwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mtazamaji huondoa majani, mifuko ya plastiki na viota vya ndege mdomoni mwa bomba, na hung'oa mche wowote wa mtini uliojiotea penye ufa ukingali mdogo.